Mwacheni Mifune arudi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba gemu za samurai zimetuchosha, na kwamba Onimusha: Way of the Sword, gemu mpya ya mfululizo wa zamani wa Onimusha ambayo watengenezaji wake, Capcom wa Japani, wamesema itatoka 2026, ni kupasha kiporo tu. Kuhusu wingi simbishii. Baada ya Sekiro ya 2019 tumepata Ghost of Tsushima mwaka 2020, Rise of the Ronin mwaka 2024, na mwaka 2025 peke yake ukatushushia Assassin's Creed Shadows na Ghost of Yōtei. Mtu ana haki ya kuguna. Ila hii mimi naisubiri kwa hamu, na kilichonikamata ni uso wa mhusika wake.

Miyamoto Musashi, yule bingwa wa upanga wa Japani ya kale, katika gemu hii amepewa sura ya Toshiro Mifune, mwigizaji wa Japani aliyefariki mwaka 1997. Vijana wengi hawamjui kwa jina, lakini kazi yake wameiona kwa wengine. Alicheza filamu 16 chini ya mwongozaji Akira Kurosawa, kuanzia 1948 hadi 1965. Ukikuta popote yule ronini asiye na bwana, nguo zimechakaa, kijiti mdomoni, anajikuna na kutikisa mabega huku wenzake wakitetemeka, ujue asili yake ni Mifune katika filamu ya Kurosawa, Yojimbo ya 1961. Gemu nyingi zimekula kwenye sahani hiyo bila kumtaja mwenye chakula. Capcom angalau wamemtaja.

Na kuna utamu mwingine. Mifune alishawahi kuwa Musashi, katika filamu tatu za Hiroshi Inagaki zilizotoka kati ya 1954 na 1956. Ile ya mwisho inafikia kilele ufukweni, jua likichomoza, Musashi akikabiliana na hasimu wake, Sasaki Kojiro. Ni pambano ambalo kwa kawaida husemwa lilitokea mwaka 1612 katika kisiwa cha Ganryu, na simulizi zinadai Musashi alichelewa makusudi na akaja na upanga wa mbao aliouchonga kutoka kwenye kasia. Sasa katika gemu hii mpinzani wake mmojawapo ni huyo huyo Sasaki, kwa jina la Ganryu. Yaani uso ule ule unakutana na hasimu yule yule baada ya miaka 70 hivi, na safari hii pedi iko mkononi mwangu. Nani asitabasamu?

Mwenzangu anauliza kama ni halali kumfufua marehemu ili tucheze naye. Ni swali la haki, lakini katika Onimusha jambo hilo halikuanza leo. Ile ya kwanza ya 2001 ilitumia sura ya mwigizaji Takeshi Kaneshiro, aliye hai. Ya pili, mwaka 2002, ilimpa mhusika wake, Yagyu Jubei, sura ya mwigizaji Yusaku Matsuda, na Matsuda alikuwa amefariki tangu 1989. Ya tatu ikamleta mwigizaji Jean Reno kutoka Ufaransa. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kwamba sura na uigizaji ni vitu viwili. Mifune aliigiza kwa mwili mzima, hata mgongo wake ulikuwa na hasira. Wakimchora vizuri halafu akatembea kama roboti, hasara itakuwa yetu. Vionjo walivyotoa vimenipunguzia hofu hiyo, havijaimaliza.

Kinachoibeba imani yangu zaidi ni issen, mbinu ya upiganaji ya Onimusha. Waliocheza zile za zamani kwenye PlayStation 2, wengi wetu kwa diski za kuchoma, wanajua ninachosema. Zimwi, lile la kundi la maadui waitwao Genma, linakuja na upanga juu. Kidole kinawasha, unataka kubonyeza. Ukibonyeza mapema, unachanjwa. Ukisubiri, ukamwacha alete pigo mpaka likaribie kabisa kukugusa, ndipo ukabonyeza, kunapita mwako mmoja wa nuru na zimwi liko chini, roho zake nyekundu na za njano zikivutwa kuingia kwenye glavu yako. Pigo moja tu. Sisi tuliokuwa tukibonyeza hovyo hovyo tuliteseka sana na kitu hicho, na Capcom wameshaonyesha kwamba kinarudi, pamoja na kupangua mapigo.

Hapo ndipo gemu inapogusana na filamu zenyewe. Tazama mwisho wa filamu ya Kurosawa, Sanjuro ya 1962. Mifune na Tatsuya Nakadai wanasimama wakitazamana, karibu kiasi cha kunusana pumzi. Hakuna muziki. Karibu nusu dakika inapita na hakuna anayeinua hata kidole. Kisha panga zinachomolewa, na kufumba na kufumbua yamekwisha. Ghost of Tsushima ilitupa mpangilio maalumu uliopewa jina la Kurosawa: picha nyeusi na nyeupe, chengachenga za filamu ya kale, upepo umeongezwa. Nilikubali uzuri wake, kisha nikauzima, kwa sababu ulibadilisha rangi na sauti ukaacha upiganaji vile vile. Issen inagusa upiganaji wenyewe: mchezaji analazimika kusimama na kungoja, kama wale wawili.

Nimefurahi pia kusikia kwamba hii si gemu ya ulimwengu wazi. Nimechoka kufungua ramani yenye alama mia za kukusanya maua. (Najua, filamu ya Kurosawa, Seven Samurai, yenyewe ina dakika 207, lakini hakuna dakika hata moja ya kuokota maua ili ujaze mfuko.) Kuhusu uwezo wa Capcom kufufua kazi zao za zamani, waliocheza Resident Evil 2 ya 2019 na Resident Evil 4 ya 2023 hawahitaji ushahidi wangu.

Hapa kwetu wengi tutaingoja mpaka ishuke bei, au tuazimane diski kama kawaida. Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wenu akiipata mapema, tunaomba atuandikie kwanza jinsi pambano na Ganryu lilivyo. Habari za ubora wa picha zinaweza kukaa toleo linalofuata.

Msomaji wenu,
Morogoro