Shukrani kwa mama wa Montreux

Natoa shukrani zangu za dhati kwa mama mmoja, ambaye jina lake sikuwahi kulipata, aliyeniona nimesimama na mkongojo nje ya stesheni ya Montreux, Uswisi, akanibebea mkoba na kunisindikiza taratibu hadi kando ya Ziwa Geneva, ilipo sanamu ya shaba ya Freddie Mercury iliyozinduliwa mwaka 1996. Nilipomweleza kwamba mwimbaji huyo alizaliwa Unguja, kama mimi, alichomoa waridi moja jeupe katika maua aliyokuwa ameyabeba, akanipa niliweke miguuni pa sanamu, chini ya ule mkono wa kulia ulioinuliwa juu. Mama yangu, ulinisubiri hata nilipolia. Mwenyezi Mungu akujaalie kila la kheri.