Laini Zenu Ziko kwenye Kopo: Barua kwa Akina Mama wa TASAF

Kamwene, wanangu.

Juzi nilimsindikiza binti mmoja wa hapa kwetu Kilolo kwenda kuomba laini yake ya simu kwa mkopeshaji aliyemwachia kama rehani. Yule bwana akafungua kopo la maziwa ya unga. Laini zimejaa humo, kila moja imeviringwa kwenye kipande cha daftari chenye jina. Nikayasoma majina. Wengine wenu nimewabeba mgongoni. Binti akarudi mikono mitupu, maana elfu hamsini aliyokopa imeshakuwa elfu tisini. Usiku ule sikupata usingizi.

Ruzuku ya kunusuru kaya maskini, ile ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, imekuwa ikilipwa kila baada ya miezi miwili, nanyi kila malipo mnayaita dirisha. Mpango ulianza 2012, kipindi cha pili kikazinduliwa 2020, na kaya ikiinuka inahitimu, inatoka. Hilo mnalijua. Mbona basi mnachukua kausha damu, mikopo ya riba kubwa, kwa kutegemea dirisha lijalo, mnamkabidhi mtu laini pamoja na namba ya siri ili ruzuku ikiingia aitoe yeye? Jina likitoka kwenye orodha, ruzuku inaondoka, deni linabaki mlangoni. Februari njaa ikibana mnauza mahindi yangali mabichi shambani ili mlipe riba. Umelima wewe, umepalilia wewe, anavuna mwingine! Mimi nilijinyima madirisha matatu nikanunua nguruwe jike. Watoto wake ndio waliopaua hii nyumba, na kaya yangu ilipohitimu sikumpigia mtu magoti.

Nanyi wanaume mnaosubiri siku ya malipo mkanywe ulanzi, hela hiyo ni ya uji na madaftari. Muone aibu.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Habari ya kuhitimu tulitangaziwa asubuhi ya palizi, nusu saa tu, kwa maneno ya semina. Bibi niliyekaa naye aliondoka akiamini amefaulu na atapewa zaidi. Hakuna aliyemweleza mpaka nilipomfuata nyumbani kwake jioni. Mtu mzima hatolewi kwenye posho yake kwa lugha asiyoielewa.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na laini ya simu viwe na jina lilelile. Mtoto asikose shule wala kliniki. Kikundi cha kuweka akiba kisivunjwe, hata ruzuku ikikoma. Aliyekatwa kimakosa aende kwa mtendaji mapema, asinung'unikie kisimani. Na anayetaka mtaji amuulize afisa maendeleo ya jamii wa kata: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ya wanawake na vijana inatolewa kwa vikundi, ndiyo maana nasema msivivunje.

Jumamosi narudi kwa yule bwana wa kopo. Mwenyekiti wa kijiji amekubali kuja nami. Kila mwenye laini yake mle anikute kwangu saa mbili asubuhi, aje na hesabu ya alichokopa na alichokwisha kulipa.