Barua kwa mwanangu: diski usiifute, itoe

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo sote, baba yako na mdogo wako wanakusalimu. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi: kwamba Jumamosi unaitoa kompyuta yako kwenye Windows 10 na kuiweka Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, na ukija likizo unataka na ya nyumbani ifuate.

Kuhama kwenyewe sikupingi. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na yale ya nyongeza kwa waliojiandikisha yana mwisho wake, tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu hawezi kuendelea kufungua akaunti ya benki kwenye mfumo ambao matundu yake hayazibwi tena. Ninachokipinga ni sentensi yako ya mwisho: "Kila kitu kipo kwenye wingu, Mama, usijali." Najali.

Hayo mafaili umeyafungua? Siulizi kama umeyaona. Ingia kwenye folda ya OneDrive, lile wingu la Microsoft, tazama alama iliyo kando ya kila faili. Penye kawingu, faili halimo ndani ya mashine, unaona jina lake tu. Penye tiki ya kijani, limeshashushwa. Halafu kuna mtego unaowanasa hata wazoefu: Windows huzihamishia folda za Documents, Desktop na Pictures ndani ya OneDrive, na mwenye mashine asitambue. Basi anainakili C:\Users\jina\Documents, inamaliza haraka, anafurahi. Kumbe iliyojaa ni C:\Users\jina\OneDrive\Documents. Wengine hubeba vile vialama vya Desktop vyenye kimshale pembeni. Ukubwa wake ni KB 1 au 2, kwa sababu ni njia ya mkato tu, na ukishafuta mashine ile njia haina inakokwenda.

Kwa hiyo chomeka diski ya nje, nakili, kisha linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Usiishie hapo. Chomoa diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta ya mwenzako, fungua picha tano za miaka tofauti, faili moja la Excel, PDF moja, na video moja uitazame mpaka mwisho. Nakala isiyofunguliwa kwenye mashine nyingine mimi siihesabu kuwa nakala.

Diski yenyewe ifomati kwa exFAT, mpangilio wa kuhifadhi mafaili, maana Windows, Mac na Linux zote zinaisoma na kuiandikia. NTFS, mpangilio wa Windows, kwenye Mac husomeka tu, haiandikiki. FAT32, ule wa zamani, haipokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo video zako ndefu zingekataa. Ila exFAT haivumilii kuchomolewa ghafla, na wewe waya huwa unaung'oa tu. Iondoe kwa utaratibu, subiri taa itulie.

Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari si mafaili, hazitaonekana kwenye folda yoyote. Zitoe kwa kuzihamishia kwenye faili la CSV, ziingize kwenye programu ya nywila, kisha ufute hilo CSV, kwa sababu ndani yake kila kitu kiko wazi. Kama una barua pepe za zamani kwenye faili la PST la Outlook, jua kwamba Thunderbird, programu ya barua utakayoikuta kwenye Linux, hailifungui moja kwa moja. Barua hizo zipandishe kwanza kwenye akaunti ya barua pepe yenyewe ungali kwenye Windows.

Sasa nisikilize vizuri. Diski iliyomo usiifute. Itoe. Nunua SSD nyingine, yaani diski ya chipu, weka Mint humo, na ile ya zamani iandike tarehe kwa karatasi, uifungie kabatini miezi mitatu. Kwa nini mitatu? Kwa sababu mambo mengine hufanywa mara moja kwa robo mwaka, na ndiyo siku utakayokumbuka ile programu moja uliyoisahau. Kabla hujanunua fungua mfuniko uone ni aina gani. Kama ni ya SATA ya inchi 2.5, ni bapa kama kijidaftari na ina chuma au plastiki pande zote. Kama ni M.2, ni kipande chembamba kama kijiti cha ubani, na hapo angalia tena: kuna M.2 za SATA na M.2 za NVMe, njia mbili tofauti za kuzungumza na mashine, umbo karibu sawa, na nafasi nyingi hukubali aina moja tu. Chomoa chaja, zima kabisa, tenganisha kiunganishi cha betri kabla hujagusa kitu kingine. Kama diski imegandishwa kwenye ubao na haitoki, basi piga taswira ya diski nzima, yaani nakala yake kamili, kwa programu ya Clonezilla kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote.

Ila hata diski iliyo salama kabatini haitakufaa kitu bila ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Kompyuta mpakato nyingi hujifunga zenyewe kwa BitLocker pale mtu anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, bila kumuuliza. Siri ya kuifungua inakaa kwenye TPM, chipu iliyo kwenye ubao wa mashine. Ukiitoa diski ukaichomeka penginepo, TPM imebaki nyuma, na skrini itakudai tarakimu 48. Huna, basi. Hakuna fundi wa kukusaidia. Hata bila kuitoa, ukizima Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwaka, kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia mfumo, inaweza kukudai. Mint inawaka bila kuizima Secure Boot, kwa hiyo huko usiguse.

Na ufunguo huo, unaohifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyoiwasha mashine, huenda haumo kwenye akaunti yako kabisa. Mashine ile iliwashwa mara ya kwanza kwa anwani yangu. Wewe ulikuwa na haraka ya kuondoka na mimi nilikuwa na haraka kuliko wewe, na hakuna aliyekwambia. Lakini na wewe nimekuuliza habari za ufunguo mara tatu ukanijibu kwa kidole gumba.

Nimefurahi, tena sana, kwamba faili la Mint ulilipima kwa SHA256, ile namba ya kuhakiki kwamba faili ni zima, kabla ya kuliandika kwenye flashi. Watu wengi huruka hatua hiyo, kisha usakinishaji unakwama katikati wanalaumu Linux, kumbe faili lilishuka na kasoro. Hukufundishwa na mtu, ulijifunza mwenyewe.

Ukishawasha kwa flashi usikimbilie kitufe cha kusakinisha. Kaa humo saa nzima. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, Bluetooth, mwanga wa skrini. Funika mashine ilale, ifungue uone kama inaamka na Wi-Fi yake. Kasi usiihukumu, flashi ni nzito kuliko diski. Wi-Fi isipoonekana, mara nyingi ni chipu ya Broadcom inayotaka draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti, ushushe draiva kwa njia hiyo. Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, hasa kwenye mashine za Intel, ujue BIOS imewekwa kwenye RST au VMD, namna za Intel za kusimamia diski. Hapo usibadilishe kitu Windows ya zamani ikiwa bado imo ndani, maana haitawaka tena mpaka uirudishe ilivyokuwa. Ukiwa na diski mpya tupu, huna cha kupoteza. Unaona kwa nini narudia jambo hilo hilo?

Na kama utashikilia kuweka mifumo yote miwili kwenye diski moja, punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows, si kwa kisakinishi, na zima ule uwashaji wa haraka. Usipouzima, Windows haizimiki kikamilifu, inasinzia tu, na Linux itakataa kuandika kwenye sehemu yake. Saa nayo itapishana kila ukihama, kwa sababu Windows huandika saa za mahali ulipo na Linux huandika UTC, saa ya kimataifa. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inamaliza ugomvi huo.

Kuhusu ya nyumbani, hapana kwanza. Baba yako ana lile faili la Excel la hesabu za nyumba, limejaa makro, zile amri zinazojiendesha zenyewe. LibreOffice, mbadala wa Office kwenye Linux, itafungua majedwali, lakini makro nyingi zitakwama. Mdogo wako naye ana programu ya mitihani inayofunga skrini, na haina toleo la Linux. Waulize kwanza wanatumia nini, ndipo uwachagulie mfumo. Halafu mashine hiyo huenda ikaingia Windows 11. Ile alama ya "haifai" haimaanishi kila mara kwamba ni kuukuu. Soma namba ya prosesa: i5-7200U ni kizazi cha 7, haimo kwenye orodha, i5-8250U ni cha 8, imo. Na TPM 2.0 mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ikiitwa PTT kwa Intel na fTPM kwa AMD. Ukija tutaitazama pamoja. Ukikuta inafaa, tuiongezee RAM kutoka GB 4 hadi 8, iachwe ilivyo.

Mac uliyotajiwa na rafiki yako, kama ni iliyotumika yenye prosesa ya Intel, iache. Apple wameshatangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa hizo. Zenye chipu za M, kuanzia 2020, ni nzuri kweli, lakini RAM utakayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo, haiongezeki.

Printa imeanza tena kuvuta karatasi tatu tatu. Nilifuta yale magurudumu ya mpira kwa kitambaa chenye maji kidogo ikatulia siku mbili. Uliposema Linux itaitambua yenyewe, ni kweli kwa zinazozungumza IPP, lugha ya pamoja ya printa, kwenye mtandao. Hii yetu inaunganishwa kwa USB na ni ya zamani, nitakutumia namba yake ya modeli uangalie. Pia chaja yako ya akiba uliisahau kwenye droo ya sebuleni.

Kabla ya Jumamosi, mashine ikiwa bado inawaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: kisha usome. Utaona kitambulisho cha ufunguo, na chini yake tarakimu 48. Hizo tarakimu ziandike kwenye karatasi kwa mkono, usizipige picha wala usinitumie. Ikikwambia hakuna ulinzi wowote, niambie hivyo hivyo. Kwenye akaunti yangu kuna funguo tatu na sijui ipi ni yako. Nipigie, unisomee herufi nane za mwanzo za kitambulisho, nilinganishe. Nitakuwepo kuanzia jioni.

Mama yako