Malalamiko kuhusu lifti iliyokwama na viyoyozi vilivyozimika katika mnara wenu wa kutazamia

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Assalaam alaykum. Bwana Meneja, pale kaunta uliniomba niyaandike malalamiko yangu kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tuliyoelewana. Nayaandika kama mteja niliyewanunulia tiketi watu wa nyumbani kwangu, na pia kama fundi wa viyoyozi hapa Ghuba, ambaye kazi yake ya kila siku ni mitambo ya aina ileile iliyowashinda alasiri ile ya Agosti.

Lifti ya kioo iliyokuwa ikitushusha ilisimama katikati ya mnara. Kiyoyozi kikazima papo hapo, feni nayo ikanyamaza, ikabaki taa ya dharura peke yake. Jua lilikuwa linapiga upande wetu. Mama yangu, mgeni wetu kutoka Unguja na mgonjwa wa shinikizo la damu, aliishiwa nguvu akaegemea kioo, kisha akajiondoa haraka kwa sababu kioo kilikuwa kinaunguza. Binti yangu mdogo alitapika. Sauti kwenye spika ilituambia tusubiri, na kila tulipobonyeza kitufe ikarudia neno lile lile.

Tulipotoka, msimamizi wenu akaniambia: "Joto la msimu tu, mzee, hata mashine zinachoka." Jibu hilo silikubali, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kuchukua pesa zangu na kwenda nyumbani. Joto la Agosti hapa haliji kwa kushtukiza. Viyoyozi hupimwa kwa viwango vya kimataifa, na kiwango cha nchi za joto kali, kinachoitwa T3, hupima mtambo hewa ya nje ikiwa nyuzi 46. Mtambo wa aina hiyo ukinunuliwa na kutunzwa, hauwezi kusingiziwa msimu.

Niseme wazi kwamba sikuogopa lifti kuanguka. Breki ya lifti hubanwa na springi, na umeme ndio unaoiachia. Umeme ukikatika, breki inabana yenyewe. Kasi ikipita kiasi, kuna kifaa kiitwacho gavana wa mwendo, kinachofanya makucha ya usalama yaume reli. Tangu mwaka 1854, Elisha Otis alipowaonyesha watu wa New York kwamba jukwaa laweza kukatwa kamba na lisianguke, jambo hilo limekuwa likiboreshwa. Kwa hiyo msimamizi aliporudia kwamba "breki zetu ni imara", alijibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Sisi tuliuliza hewa.

Na hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Kiwango cha Ulaya cha lifti, EN 81-20, kinataka kibanda cha lifti, yaani chumba wanamosimama abiria, kiwe na matundu ya hewa juu na chini, na kila sehemu matundu hayo yasipungue asilimia 1 ya eneo la sakafu. Lengo lake ni kwamba kila kitu kikizimika, hewa moto ipate pa kutokea juu na hewa nyingine iingie chini. Nilipopiga magoti kumwangalia mwanangu, niliyaona matundu ya chini ya kibanda chenu. Yalikuwa yamezibwa kwa silikoni, na juu yake yamebandikwa tangazo la juisi. Najua kwa nini mtu hufanya hivyo: baridi ya kiyoyozi isivuje. Lakini aliyeyaziba aliwaondolea abiria hewa pekee waliyobakiwa nayo umeme ukikatika. Kama alikuwa fundi, hakupaswa kukubali kazi hiyo. Kama aliagizwa, aliyemwagiza ndiye anayetakiwa kunijibu.

Mtasema safari yenyewe ni fupi. Ni kweli, hata kwenye CN Tower ya Toronto, lifti hufika ukumbi mkuu kwa sekunde 58. Ila kibanda cha kioo kikisimama juani, muda wa safari hauna maana tena, na hesabu inakuwa ya watu waliomo ndani.

Baadaye lifti ilianza kusogea polepole, ikapanda badala ya kushuka, na abiria wakapiga kelele. Mimi nilielewa. Uzito wa kusawazisha, unaoning'inia upande wa pili wa kamba, hupangwa uwe sawa na kibanda kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wake kamili. Tulikuwa wachache, kwa hiyo breki ilipoachiwa, uzito ule ndio ulioshuka na sisi tukapanda. Fundi wenu alifanya sawasawa, namshukuru. Lakini sentensi moja kwenye spika, "mtapanda kwanza, msiogope", ingewatuliza watu wale. Haikusemwa.

Kule juu ndiko nilikoona chanzo cha yote. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa umezuiwa kwa ndoo ya rangi usijifunge, na ndani feni ya kusimama ilikuwa imeelekezwa kwenye kabati la umeme. Fundi yeyote akiona hivyo anajua kiyoyozi cha chumba kile hakifanyi kazi, na si tangu jana. Inveta, kifaa cha umeme kinachoongoza mwendo wa mota, ikizidiwa na joto hujizima ili isiungue. Mitambo ya lifti hutengenezwa ikitarajia chumba chenye nyuzi kati ya 5 na 40. Tena lifti ikishuka imejaa, au ikipanda tupu, mota hugeuka jenereta, na katika mitambo mingi umeme huo huchomwa kwenye rezista ukawa joto, humo humo chumbani. Feni haiondoi joto hilo, inalizungusha tu. Na mlango ukiwa wazi, unyevu na chumvi ya bahari vinaingia kwenye bodi za umeme.

Ukumbi wa kutazamia nao ulikuwa kama tanuri. Mashine za nje za viyoyozi vyake zimewekwa zikitazamana kwenye kibaraza chembamba, kila moja inavuta hewa moto inayotemwa na mwenzake, na kondensa, sehemu zinazotoa joto nje, zimeganda vumbi kama zulia. Joto lisipotoka, presha ya gesi hupanda, na swichi ya usalama inaikata kompresa, yaani pampu ya gesi hiyo. Kuzihamisha kunahitaji pesa, sawa, lakini kuziosha kunahitaji maji na kijana mmoja.

Ninachotaka ni hiki. Matundu ya vibanda vyote viwili yafunguliwe kabla abiria mwingine hajapanda. Kiyoyozi cha chumba cha mashine kitengenezwe, na kiwekwe cha pili cha akiba. Feni ya kibanda iwe na betri yake, kama taa ya dharura ilivyo nayo. Mnara wenu una milango chini na juu tu, na kiwango kile kile cha EN 81-20 kinasema umbali kati ya milango ukizidi mita 11 lazima pawepo milango ya dharura katikati, au njia ya kuwahamishia abiria kwenye lifti ya jirani. Nataka kujua kwa maandishi kwenu ni ipi, na ilijaribiwa lini mara ya mwisho. Mkaguzi wa nje, si wa kampuni inayowahudumia, aipitie mitambo yote nami nipewe nakala ya ripoti. Pesa za tiketi na za daktari aliyemwona mama mzirudishe.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu, barua hii na picha nilizopiga zitakwenda kwa mamlaka ya kumlinda mlaji. Jina langu, namba ya simu na vipande vya tiketi viko kwenye fomu uliyonijazisha kaunta.

Wassalaam,
Mteja wenu