Tusiingie msituni na kandambili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mavazi ya miguu kwa wanaotembea mashamba na misituni hapa Pemba. Mwezi uliopita nilifuatana na jamaa zangu kutoka Unguja kwenda msitu wa Ngezi, na wawili kati yao walivaa kandambili na suruali za magotini; hatukufika mbali mmoja akapita kwenye upupu, na kadiri alivyojikuna ndivyo mwasho ulivyozidi kuenea.

Suruali ndefu ya kitambaa kizito ndiyo kinga ya kwanza, kwa sababu vinyweleo vya upupu hunasa kwenye kitambaa badala ya ngozi. Miguu yake ichomekwe ndani ya soksi ndefu, la sivyo siafu hupanda kwa ndani, na aliyewahi kupandwa na siafu hahitaji kuelezwa. Gambuti hufaa kwenye tope la mabonde ya mpunga, lakini katika maweni ya Micheweni huchubua visigino, hivyo huko ni afadhali kiatu cha kamba chenye soli nene. Mkirudi, suruali hiyo ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Wete, Pemba