YAH: MAGUNIA YANGU YA MCHELE, SAFARI YA KISANGANI HADI KINSHASA

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya matishari,

Kwa heshima zote. Masharti ya hati ya shehena mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo.

Tishari lenu lilipanda fungu la mchanga tulipokwisha kupita mji wa Bumba. Kwa hilo sina ugomvi. Mchanga wa Mto Kongo huhama, na maji yakipungua kila mtu wa ukingoni anajua. Ugomvi wangu ni yaliyofuata. Msimamizi wenu wa mizigo aliamuru uzito upunguzwe, akaanza na mchele wangu. Nilimshika mkono. Akanisukuma mbele ya abiria wote: "Mama, kaa chini, mzigo wako ndio unaotuzamisha." Magunia 40 yakaenda huku nikitazama. Magogo yaliyojaza nusu ya tishari hayakuguswa hata moja.

Ofisi yenu ya Kinshasa inanijibu kuwa maboya hayapo. Maboya ni kazi ya Régie des Voies Fluviales, shirika la serikali la njia za mito, sawa. Na kumweka mtu mbele ya tishari na upondo apime kina, ni kazi ya nani? Usiku ule, kabla hatujakwama, mwenye upondo alikuwa amelala, na nahodha anaendelea tu gizani.

Narudia la mchele, maana karani wenu ameandika "ulitupwa". Haukutupwa! Mitumbwi ilikuwa imeshajipanga ubavuni. Gunia linashushwa, mtu analipokea, na msimamizi wenu anatia noti mfukoni mwa shati. Mkono nilioushika ndio huo uliokuwa na noti. Ndipo aliponisukuma nikaangukia minyororo, ndipo aliponiambia nikae chini, eti mzigo wangu unazamisha. Gogo moja ni uzito wa magunia mangapi, Bwana Mkurugenzi?

Mnatangaza kwamba mto utakuwa barabara kuu ya biashara ya nchi. Kwetu sisi ni barabara tangu zamani: zaidi ya kilomita 1,700, hakuna lami ya kutufikisha Kinshasa, na mchele haulipi nauli ya ndege. Mnajua hatuna pa kwenda, ndiyo maana mnatufanyia hivi.

Naomba nilipwe magunia 40 kwa bei ya soko la Kinshasa, si ya Kisangani, na nauli ya mzigo irudishwe. Msimamizi yule asikanyage tena tishari lenye mali ya watu. Tena walipwe na akina mama walioshushiwa mawese na maharage yao baada yangu. Majina yao ninayo. Nisipopata jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, nakwenda mahakamani na mashahidi, na sisi wauza mchele tutapakia kwa wengine. Hilo tumeshakubaliana.

Mfanyabiashara wa mchele,
Kisangani