Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi, Kisauni, Mombasa

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu wapenzi na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum na hamjambo nyote.

Tumefurahi mno kukupokea. Ulipoingia langoni ulipita kando ya vichaka vifupi vyenye mashada ya maua mekundu, meupe na ya waridi. Mmea huo unaitwa pentasi. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tano, kwani kila ua dogo lina petali tano, mithili ya nyota. Ni wa ukoo mmoja na mkahawa na kwao ni huku huku Afrika Mashariki, ingawa wengi wetu tulidhani umetoka ng'ambo.

Uwanja wetu ni mdogo, ndiyo maana tukachagua aina fupi isiyopita magoti. Ikipata jua huchanua karibu mwaka mzima, na udongo wetu wa matumbawe wenye chokaa hauisumbui. Mzazi mmoja alituletea matawi kutoka kwake. Tukakata vipandikizi vya urefu wa kidole, visivyo na maua, tukatoa majani ya chini, tukavichomeka katika mchanga uliochanganywa na mboji, chini ya kivuli cha mwembe. Baada ya wiki tatu hivi, ukikivuta kimoja taratibu kinakataa: mizizi imeshika. Tulivihamishia bustanini masika, futi moja baina ya mche na mche. Shada likinyauka tunalikata, na machipukizi mapya hutoka pale pale.

Akina mama wengi wameinama kunusa, kisha wakatuuliza ni ua gani hili lisilonukia, lisiloweza hata kuingia kwenye kikuba. Ni kweli, kwa harufu pentasi haishindani na asumini. Utamu wake umefichwa chini kabisa ya kijibomba chembamba, na kipepeo anao mrija wa kuufikia. Tumemtazama kwa karibu sana. Hutua juu ya shada, akaukunjua mrija uliojiviringisha kama bunda la ukili, akauchovya ua baada ya ua bila haja ya kuruka.

Lakini Mheshimiwa, tulifanya kosa ambalo bado linatuuma. Nyuma ya jikoni kuna mlimau. Mwaka jana tulikuta majani yake yameliwa, na juu yake kumeganda vidudu kama vinyesi vya ndege. Tukanyunyiza dawa. Mlimau ukapona, ila kwa wiki nyingi pentasi zilichanua bila kutembelewa. Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyetufumbua macho: tulikuwa tumewaua watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, atagaye mayai kwenye milimau na mindimu. Kiwavi wake akiwa mdogo hujifananisha na kinyesi ili ndege wampite. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa huchomoza pembe mbili zenye harufu kali. Ua humlisha kipepeo mkubwa, lakini mtoto anataka jani. Tangu siku hiyo mlimau ule haunyunyiziwi chochote.

Tulipozuru Gede, kule Kilifi, tuliona watu walioifanya kazi hii riziki. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na pupa, yaani viwavi waliojifunga ndani ya ganda kabla ya kugeuka vipepeo, husafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Msitu ukisimama, wao wanapata.

Shida yetu kubwa ni maji. Kisima cha shule ni cha chumvi. Tulipokitegemea wakati wa kaskazi, kingo za majani ziliungua na miche 14 kati ya 40 ikafa. Sasa twanunua mitungi ya mkokoteni kwa michango yetu wenyewe, huku mvua ya masika ikimwagika bure kutoka paa la madarasa manane. Tunakuomba utusaidie kupata mifereji ya paa na tangi la lita 5,000. Nanyi wazazi, mkiona viwavi kwenye milimau yenu, tafadhali msinyunyize dawa. Tuiteni, tutakuja kuwachukua.

Mheshimiwa, tumekuandalia miche miwili ya pentasi na mmoja wa mndimu, maana hatukuona vyema kukupa ua bila jani. Sasa ni saa nne, jua limepanda, na hii ndiyo saa yao. Kuna pupa mmoja kwenye mlimau ambaye tangu jana ganda lake limekuwa jembamba, hata rangi za mbawa zaonekana ndani. Kabla hujaketi mezani, tunakuomba upite nasi nyuma ya jikoni. Huenda akatoka leo.

Ahsante.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Mazingira.